Waliasije kwa chai iliyoshuka bei?

Msomaji wetu anauliza: "Shikamoo mwalimu. Shuleni tulifundishwa kwamba Wamarekani walimwasi mfalme wa Uingereza kwa sababu ya kodi kubwa ya chai, wakaenda kuimwaga baharini. Juzi nimesoma mahali kwamba Sheria ya Chai ya 1773 haikupandisha kodi hata kidogo, ilishusha bei. Sasa nimechanganyikiwa. Mtu anapunguziwa bei halafu anaanzisha vita? Au walikuwa na lao jambo?"

Marahaba. Ulichosoma ni kweli, na ndiyo, walikuwa na lao jambo.

Sheria ya Chai iliyopitishwa London mwezi Mei 1773 haikuongeza hata peni moja. Ushuru wa peni 3 kwa kila ratili ya chai inayoingia Amerika ulikuwepo tangu 1767. Sheria mpya iliiondolea Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya Waingereza iliyofanya biashara ya Asia, ushuru iliokuwa ikitozwa Uingereza kwenyewe kabla chai haijavuka Atlantiki, kisha ikairuhusu kupeleka mzigo moja kwa moja hadi Amerika bila kupitia mnada wa London na madalali wake. Kwa makadirio ya wakati ule, chai halali ingeshuka kutoka karibu shilingi 3 kwa ratili hadi shilingi 2, yaani chini kidogo ya chai ya magendo iliyokuwa ikitoka Uholanzi. Na ni hapo watu wa Boston, bandari ya koloni la Massachusetts, walipokasirika.

Ili uielewe hasira hiyo, rudi nyuma miaka tisa, kwenye bidhaa ambayo vitabu vya shule huiruka: molasi. Viwanda vya ramu vya New England, yaani makoloni ya kaskazini mashariki kama Massachusetts, vilitegemea molasi ya bei nafuu kutoka visiwa vya Wafaransa huko Karibiani. Sheria ya 1733 ilitaka walipe peni 6 kwa galoni. Hakuna aliyelipa. Ofisa wa forodha alipewa chake, meli ikashusha mapipa usiku, maisha yakaendelea hivyo kwa miaka thelathini. Mwaka 1764 waziri mkuu George Grenville akaupunguza ushuru huo kwa nusu, ukawa peni 3. Kelele zilizozuka hazikuwa za kumshukuru. Safari hii meli za kivita zilitumwa kulinda pwani, maofisa wakaagizwa wakusanye kweli, na mfanyabiashara aliyekamatwa angeweza kufikishwa kwenye mahakama ya mambo ya bahari, isiyo na jopo la wananchi wa kuamua kesi. Jaji alikata mwenyewe. Peni 6 zisizolipwa ni nyepesi kuliko peni 3 zinazolipwa. Mfanyabiashara yeyote angekwambia hivyo.

Kwa hiyo kichekesho cha kupunguza ushuru na kuwaudhi watu kwa wakati mmoja kilikuwa kimekwisha kuchezwa mara moja. London haikujifunza.

Nisimwonee Grenville, maana alikuwa na shida ya kweli. Vita vya Miaka Saba dhidi ya Wafaransa, ambavyo Amerika Kaskazini vilianza mapema zaidi, 1754, viliisha 1763. Uingereza ilishinda ikapata Kanada, na deni la taifa likapanda kutoka karibu pauni milioni 75 hadi zaidi ya milioni 130. Juu ya hilo, London iliamua kubakiza askari wapatao 10,000 huko Amerika. Mwingereza wa kawaida alikuwa tayari anatozwa kwenye bia yake, chumvi yake na madirisha ya nyumba yake, huku walowezi wa ng'ambo wakilipa kidogo mno. Ukikaa upande wa Hazina ya London, kuwaomba wachangie gharama za askari wao haikuwa dhuluma hata kidogo. Walowezi nao waliwatazama wale askari wakajiuliza wanalindwa dhidi ya nani, kwa kuwa Mfaransa ameshaondoka. Tena Oktoba 1763 mfalme alikuwa amepiga marufuku kuhamia ng'ambo ya milima ya Appalachia, ardhi ambayo wenyeji wa asili walikuwa wakiitetea kwa silaha, na ambayo matajiri wa Virginia, George Washington akiwemo, walikuwa wameshaanza kuipigia mahesabu.

Sasa tufike kwenye kiini, na hapa Kiswahili chetu kinatusaidia kwa sababu kina maneno mawili: kodi na ushuru. Ushuru hutozwa bandarini, bidhaa inapopita. Kodi inakufuata hadi nyumbani. Walowezi walikuwa wamezoea kwa zaidi ya miaka mia kwamba Bunge la London linaweza kuweka ushuru wa kuongoza biashara ya dola nzima. Lakini kodi ya kuchangisha fedha iliwekwa na bunge la koloni lenyewe, mahali ambapo mwenye shamba pale Massachusetts au Virginia alikuwa na mtu aliyempigia kura. Sheria ya Stempu ya Machi 1765 ilivuka mpaka huo waziwazi. Hati za mahakama, leseni, magazeti, kalenda, hata karata na dadu vilitakiwa viwe na stempu iliyolipiwa, na hapakuwa na bahari ya kusingizia. Ilikuwa kodi.

Boston haikusubiri ianze. Tarehe 14 Agosti 1765 sanamu ya Andrew Oliver, aliyeteuliwa kuwa wakala wa stempu, ilikutwa ikining'inia kwenye mti mkubwa. Siku kumi na mbili baadaye umati ulibomoa jumba la naibu gavana, Thomas Hutchinson, mpaka kuta za ndani. Likumbuke jina hilo. Ilipofika tarehe 1 Novemba, siku ambayo sheria ilipaswa kuanza, karibu mawakala wote katika makoloni 13 walikuwa wamejiuzulu, na stempu zikakosa mtu wa kuziuza.

London ilijibu kwamba walowezi wana uwakilishi, ila hawauoni: mbunge yeyote anawawakilisha raia wote wa mfalme popote walipo. Miji ya Manchester na Birmingham nayo haikuwa na mbunge hata mmoja na ilikuwa inalipa. Hoja hiyo ilikuwa sahihi kabisa kuhusu Manchester, na kwa mtu wa Boston aliyezoea kumwona mwakilishi wake sokoni haikuwa na uzito wowote. Mwezi Machi 1766 Bunge liliifuta Sheria ya Stempu. Siku hiyohiyo likapitisha sheria nyingine fupi ikitamka kwamba lina mamlaka ya kuwatungia walowezi sheria katika mambo yote bila kubakiza. Amerika walipiga kengele na kuwasha mioto ya furaha, wengi wao bila kuisoma ile ya pili.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Benjamin Franklin alikuwa amehojiwa mbele ya Bunge akaacha ieleweke kwamba watu wake wanakataa kodi za ndani, ushuru wa bandarini hawana neno nao. Charles Townshend, waziri wa fedha, akaidaka kauli hiyo. Mwaka 1767 akaweka ushuru kwenye vioo, madini ya risasi, rangi, karatasi na chai. Si mlisema ushuru mnaukubali? Haya, huu hapa. Mwanasheria John Dickinson wa Pennsylvania ndiye aliyemjibu vizuri kuliko wote: jina halibadilishi kitu. Ushuru unaowekwa ili kuchota fedha, na si kuongoza biashara, ni kodi iliyovaa nguo za ushuru.

Kuna kipengele kimoja cha mpango wa Townshend ambacho ningependa ukishike kuliko bei zote nilizotaja. Fedha hizo zilikusudiwa kuwalipa mishahara magavana na majaji. Hadi wakati huo, gavana wa Massachusetts aliteuliwa na mfalme lakini mshahara wake ulipitishwa kila mwaka na bunge la koloni. Akiwasumbua sana, walijua pa kumbana. Mwenye kushika mkoba ndiye mwenye kusikilizwa, na walowezi walikuwa wameushika mkoba huo kwa vizazi. Townshend alitaka kuwapokonya kwa upole, peni tatu tatu.

Wakasusia bidhaa za Uingereza, na mauzo yakashuka. Tarehe 5 Machi 1770 waziri mkuu mpya, Lord North, alisimama bungeni kupendekeza ushuru wote wa Townshend ufutwe isipokuwa ule wa chai. Usiku wa siku hiyohiyo, bila upande mmoja kujua habari za mwingine, askari waliokuwa wakizomewa na kurushiwa vipande vya barafu mtaani Boston walifyatua risasi na kuua watu watano. Mmoja wao alikuwa Crispus Attucks, baharia mwenye damu ya Kiafrika na ya wenyeji wa asili. Chai ilibakizwa ili kuonyesha tu kwamba Bunge lina haki ya kutoza. Hiyo peke yake ingetosha kuwa jibu lako, lakini ngoja tufike Boston yenyewe.

Kati ya 1770 na 1773 mambo yalipoa. Waliokunywa chai walikunywa, nyingi ikiwa ya magendo. Kilichoiamsha vita hiyo ni shida ya mtu mwingine kabisa. Kampuni ya India Mashariki ilikuwa imeiteka Bengal, ikaikamua, na njaa ya 1770 ikaua watu wengi mno huko. Mwaka 1772 mikopo ilikauka London, na kampuni ikajikuta na karibu ratili milioni 17 za chai ya Uchina zimelala kwenye maghala huku yenyewe ikikaribia kufilisika. Kampuni kubwa kiasi hicho haiachwi ianguke. Serikali ikaikopesha pauni milioni 1.4 na kuipa soko la Amerika. Bungeni, William Dowdeswell alimwonya North kwamba asipouondoa ule ushuru wa peni 3, walowezi hawataipokea chai. North hakutaka kuuondoa. Kwa mwezi Desemba alikuwa ameshapata kila alichohitaji ili kuwaunganisha watu waliokuwa wameanza kusahau.

Tazama jinsi mzigo ulivyopangwa. Kampuni iliteua mawakala wachache katika kila bandari; wao peke yao ndio wangepokea chai. Boston, wawili kati ya mawakala hao walikuwa watoto wa gavana, na gavana alikuwa nani? Thomas Hutchinson, yuleyule wa jumba lililobomolewa. Na mshahara wake, tangu 1772, haukupitia tena bunge la koloni. Ulitoka kwenye mapato ya forodha ya Amerika, ukiwemo ule ushuru wa chai. Kwa hiyo mtu wa Boston akinunua kikombe cha chai ya bei nafuu, anamtajirisha mtoto wa gavana, anamlipa gavana mwenyewe, na anakiri kwamba Bunge asilolichagua linaweza kuingiza mkono mfukoni mwake. Unafuu ulikuwa chambo. Kadiri chai ilivyokuwa rahisi, ndivyo hatari ilivyozidi, kwa sababu wengi wangeila chambo hiyo kwa furaha.

Nisiwapambe sana, lakini. Waliopiga kelele za mwanzo walikuwa wafanyabiashara wa magendo, na sheria hii ingewaharibia. John Hancock, tajiri wa Boston ambaye meli yake ilikamatwa na forodha 1768, hakuwa mtu asiye na maslahi. Maslahi na kanuni vililala kitanda kimoja, kama kawaida ya siasa.

Meli ya Dartmouth iliingia tarehe 28 Novemba 1773, kisha zikafuata Eleanor na Beaver. Ya nne ilikuwa imepwelewa Cape Cod. Kwa mujibu wa sheria, mzigo usipolipiwa ndani ya siku 20 forodha huukamata. Hesabu ya Dartmouth ilikuwa inaisha tarehe 17 Desemba. New York na Philadelphia meli zao zilirudishwa na chai yake. Boston, Hutchinson hakutaka kutoa kibali cha meli kuondoka kabla ushuru haujalipwa. Tarehe 16 watu wapatao 5,000 walijazana ndani na nje ya jumba la ibada liitwalo Old South, wakamtuma mmoja wa wenye Dartmouth akamwombe gavana kibali kwa mara ya mwisho nyumbani kwake Milton. Alirudi jioni, giza limeshaingia, na jibu la hapana.

Kilichofuata kwenye gati la Griffin kilichukua muda wa saa tatu hivi. Watu waliojipaka masizi na kujifunga mablanketi wakijifanya Wamohawk, moja ya makabila ya wenyeji wa asili, walipasua makasha 342 ya chai, zaidi ya ratili 92,000, na kuyamwaga. Maji yalikuwa yamekupwa, kwa hiyo chai ilijikusanya vichuguu kando ya meli na ikabidi isukumwe. Kufuli moja la nahodha lilivunjwa, na wakamletea jingine. Mtu aliyekutwa ameficha chai ndani ya koti alivuliwa akapigwa. Unaona walichokuwa wanakilinda? Walitaka isisemekane kwamba ni wezi. Thamani ya hasara, kampuni ilisema, ni pauni 9,659.

Wengi wa upande wao wenyewe hawakufurahi. Franklin aliona kampuni ifidiwe. Washington hakukubaliana na uharibifu ule. Kama London ingewapeleka wahusika mahakamani na kuishia hapo, huenda Boston ingebaki peke yake. Badala yake, 1774 Bunge liliadhibu koloni zima. Bandari ya Boston ilifungwa kuanzia tarehe 1 Juni hadi chai ilipwe. Baraza la juu la Massachusetts, lililokuwa likichaguliwa, sasa liliteuliwa na mfalme. Mikutano ya miji, ile ambayo wakulima walikaa kuamua mambo ya barabara, shule na mchungaji wao, ilipigwa marufuku isipokuwa mmoja kwa mwaka, labda gavana aruhusu.

Hapo ndipo mapinduzi yalipoanza kwa maana yake halisi, na ajabu ni kwamba karibu hakuna anayeyasimulia. Tarehe 6 Septemba 1774, katika mji mdogo wa Worcester, wanamgambo 4,622 kutoka vijiji vya wilaya nzima walijipanga pande mbili za barabara kuu. Ilikuwa siku ya mahakama kufungua vikao chini ya sheria mpya. Majaji na maofisa wao walipitishwa katikati ya mistari hiyo, kofia mkononi, wakirudia zaidi ya mara thelathini, kundi kwa kundi ili kila mtu asikie, kwamba wameikana mamlaka ya sheria zile. Hakuna aliyeuawa. Kutoka siku hiyo utawala wa mfalme nje ya Boston ulikuwa umekwisha, miezi saba kabla ya risasi za Lexington za tarehe 19 Aprili 1775, zilizoanzisha vita. Wale hawakuwa na kasha la chai wala duka. Walikuwa wakulima waliochukuliwa mkutano wao wa mji.

Ukifungua Tamko la Uhuru la Julai 1776 utayaona yote haya kwa mpangilio wa uzito wake. Linaorodhesha malalamiko 27 dhidi ya mfalme. Ya mwanzo yanahusu sheria ambazo mfalme alikataa kuziidhinisha, na mabunge aliyoyavunja. La tisa ni majaji waliofanywa wamtegemee mfalme kwa mishahara yao. Kutozwa kodi bila ridhaa ni la kumi na saba. Chai haitajwi.

Ridhaa ya nani lakini? Swali hilo hukuliuliza, nami siwezi kulipita. Kati ya watu milioni 2.5 wa makoloni 13, karibu nusu milioni walikuwa Waafrika waliofanywa watumwa, na wao ndio walioyachukua maneno ya mabwana zao kwa uzito wote. Tangu Januari 1773, miezi kumi na moja kabla ya chai, watumwa wa Massachusetts walikuwa wamepeleka ombi la uhuru kwa gavana na bunge la koloni. Novemba 1775 gavana wa mfalme huko Virginia, Lord Dunmore, aliahidi kuwaacha huru watumwa wa waasi watakaokuja kumpigania, na mamia wakamkimbilia: uhuru wao ulikuwa upande wa mfalme. Mwaka 1781 mwanamke aliyejiita Elizabeth Freeman alishinda kesi Massachusetts kwa hoja kwamba katiba mpya ya jimbo inasema watu wote wamezaliwa huru na sawa. Katiba ya nchi nzima iliyoandikwa Philadelphia 1787 ilichagua njia nyingine. Ilimhesabu mtumwa kuwa tatu ya tano ya mtu, na soma ilikoweka hesabu hiyo: kwenye kugawa viti vya uwakilishi na kodi za moja kwa moja. Kodi na uwakilishi, zilezile za Boston, safari hii kwa watu wasiokuwa na sauti katika lolote kati ya mawili.

Turudi kwa wakulima wa Worcester, kwa sababu kisa chao kina mwisho unaochekesha kwa uchungu. Baada ya vita, Massachusetts huru ililemewa na madeni, ikawatoza wananchi wake kodi nzito kuliko alizowahi kuwaza Grenville, na ilizitaka kwa fedha taslimu wakati vijijini fedha hazikuwepo. Wakulima walishtakiwa kwa madeni, mashamba yakapigwa mnada. Mwaka 1786 wakafanya walichofundishwa na mapinduzi, wakaenda kufunga mahakama. Septemba mwaka huo, kwenye ngazi za mahakama ya Worcester ileile, jaji Artemas Ward alizuiwa kwa ncha za singe. Ward huyu ndiye jenerali wa kwanza kuwaongoza waliouzingira mji wa Boston 1775. Mmoja wa viongozi wa wakulima, Daniel Shays, alikuwa kapteni katika vita hiyohiyo. Januari 1787 walijaribu kuteka ghala la silaha la Springfield. Mizinga ikaua wanne, wengine wakatawanyika kwenye theluji.

Na Samuel Adams, mzee mzima wa siasa za chai? Alisema kwamba chini ya mfalme mwasi anaweza kusamehewa, lakini anayethubutu kuasi sheria za jamhuri astahili kufa. Ukiyasoma hayo kwa haraka utamwita mnafiki. Mimi naona alikuwa anasema kilekile alichosema 1773: sheria iliyotungwa na uliyemchagua inakufunga, ya asiyekujua haikufungi. Ila mkulima wa magharibi ya Massachusetts, ambaye sauti yake huko Boston haikusikika zaidi ya ilivyosikika London, alikuwa na haki ya kuuliza tofauti iko wapi.

Ghasia hizo ziliwatisha wenye mali na kuharakisha Katiba. Hadi wakati huo Kongresi, bunge la majimbo yote, haikuwa na uwezo wa kutoza chochote, iliomba tu majimbo yachangie. Jaribio la ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za nje lilikwamishwa na Rhode Island peke yake. Katiba mpya iliipa Kongresi mkoba, kwa sharti kwamba miswada ya mapato ianzie kwenye Baraza la Wawakilishi, lile linalochaguliwa na wananchi moja kwa moja. Serikali ilipoweka kodi ya wiski 1791, wakulima wa magharibi ya Pennsylvania waliwapaka watoza kodi lami na manyoya, kama zamani, na 1794 Rais Washington akapanda farasi kuongoza wanamgambo karibu 13,000 dhidi yao. Wawili walihukumiwa kifo kwa uhaini, akawasamehe.

Nimeiacha chai mwisho kwa makusudi. Uhuru ulizifungia meli za Marekani bandari za Waingereza huko Karibiani, ikabidi zitafute bahari za mbali. Februari 1784 meli iitwayo Empress of China ilitoka New York kwenda Canton kununua chai bila kampuni ya mtu yeyote kati. Mabaharia wa Salem, bandari ya jirani na Boston, walizunguka rasi ya kusini mwa Afrika wakaingia Bahari ya Hindi, na wajukuu wa kizazi hicho ndio walioleta Zanzibar kile kitambaa ambacho bibi zetu walikiita merikani. Nyumbani, sheria ya kwanza ya ushuru ya Kongresi mpya ilitiwa saini na Washington tarehe 4 Julai 1789. Bohea, chai nyeusi ileile iliyojaa kwenye makasha mengi ya gati la Griffin, iliwekewa senti 6 kwa ratili hata ikiletwa na meli ya Kimarekani moja kwa moja kutoka Uchina. Kwa kiwango cha forodha cha mwaka huo, pauni moja kwa dola 4.44, zile peni 3 za Townshend zilikuwa senti tano na nusu. Boston walilipa.